Hawakuwa Wagawa Chai Tu

Ikitajwa kazi ya wanawake wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, wengi humwona bibi mwenye kofia akigawa chai, mwenzake akifuma soksi. Watasifiwa kwa moyo wa huruma, kisha maongezi yarudi kwa wanaume na mizinga yao. Sifa za aina hiyo ni dharau iliyovishwa kanga mpya.

Chama chao, Women's Voluntary Services, kiliundwa mwaka 1938, vita havijaanza, serikali ilipomwomba Lady Reading awaandae wanawake kwa mashambulizi ya anga. Ndani ya miaka mitano wanachama walikaribia milioni moja. Wengi mno hawakuwa na mshahara, na hata sare walijinunulia.

Septemba 1939 watu wapatao milioni moja na nusu, wengi wao watoto, walihamishwa mijini kwa siku chache. Wanawake hawa walikuwa miongoni mwa waliowasindikiza na kuwatafutia malazi. Fujo zilikuwepo, na wapo watoto waliochaguliwa ukumbini na wenyeji mmoja mmoja, jambo la kusikitisha. Lakini kazi ya ukubwa huo haifanywi kwa huruma peke yake.

Mwaka mmoja baadaye mabomu yakaanza kuiangukia London usiku baada ya usiku. Mtaa ukibomolewa, wanachama waliweka meza ya maulizo karibu na kifusi. Hapo mke alikuja kumuulizia mumewe, mama akamtafuta mwanawe. Aliyekuwa zamu alitakiwa kujua nani amepelekwa hospitali, nani kahifadhiwa shuleni, nani yuko mochari, na amweleze aliyefiwa bila kubabaika. Wengine, mama wa nyumbani wa mtaa huohuo, walikuwa wanajua mapema nani hulala nyumba ipi, hivyo waokoaji wakajua pa kuchimba. Hata hiyo chai inayochekwa: mabomba yamepasuka, gesi imekatika, na mamia ya watu wanasubiri kitu cha moto. Anayeona ni rahisi ajaribu.

Wapo wanaouliza: kama ilikuwa kazi kweli, mbona haikulipwa? Waiulize serikali iliyopata nguvukazi kubwa namna hiyo kwa gharama ndogo.

Wanachama 241 waliuawa katika mashambulizi hayo. Watunzi wa vitabu vya historia waache kuwamaliza kwa sentensi moja ya "akina mama nao walisaidia". Wawaweke sura moja na wazimamoto.