Utungu wa kuzaa si deni la Eva



Wapo kati yetu, na baadhi yao huketi viti vya mbele kanisani, wafundishao kwamba mama aombaye kupunguziwa utungu anaikimbia hukumu ya Eva. Husoma Mwanzo 3, 16, kisha hufunga kitabu. Laiti wangaliendelea aya chache mbele! Humo Adamu anapewa jasho na miiba. Lakini sijamwona mwanamume aliyeacha kung'oa magugu shambani kwa kuiheshimu hukumu hiyo, wala aliyekataa ganzi siku ya kung'olewa jino.

Kanisa lilikwisha kujibu. Tarehe 8 Januari 1956 Papa Pio XII aliwaeleza waganga kwamba Mungu, alipomwadhibu Eva, hakuwakataza akina mama njia za kupunguza maumivu ya kuzaa. Tarehe 24 Februari 1957 alisema na wataalamu wa ganzi, akafundisha kuwa mkristo halazimiki kuyataka mateso kwa ajili ya mateso yenyewe. Mateso hutolewa sadaka kwa hiari. Yule amwamuruye mwenzake ateseke hatoi sadaka yoyote. Anatoa mwili wa mwingine.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: eti sindano ya mgongoni huua miguu, mama akashindwa kusukuma. Hili si jambo la imani bali la kipimo. Katika ganzi iitwayo epidurali, mganga huingiza mrija mwembamba mgongoni, nje kidogo ya utando unaozunguka mishipa ya fahamu, na dawa hupita humo. Zamani walitumia bupivakaini ya asilimia 0.25 au zaidi, na miguu ililegea kweli. Siku hizi wengi hutumia asilimia 0.1 au chini yake, wakiichanganya na fentanili kidogo. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2001, juu ya wanawake 1,054 wenye mimba ya kwanza, ulionyesha kwamba kwa dozi ya zamani 35 katika kila 100 walizaa kwa njia ya kawaida, bila vyombo wala kupasuliwa. Kwa dozi ndogo walikuwa 43. Basi anayeihukumu epidurali kwa habari za shangazi yake anahukumu dawa ya jana.

Sisemi haina hatari. Mkazo wa damu wa mama waweza kushuka ghafula. Lazima upimwe mara kwa mara, na moyo wa mtoto usikilizwe. Mahali pasipo mganga wa ganzi, oksijeni na dawa za kuupandisha mkazo huo, sindano isichomwe. Mahali vilipo, mama aulizwe: ataka maumivu yatulie kabisa, au ataka bado kuusikia msukumo? Dozi hupangwa kwa jibu lake, si kwa jibu la mume au la mama mkwe.

Katika maternite nyingi za nchi yetu huduma hii haipo. Badala yake mama hupokea matusi: alipokuwa akifurahi na mumewe mbona hakulia? Nimeyasikia hayo yakisemwa na watu wanaokomunika kila Dominika. Kuyaacha hakuhitaji mganga wala franka hata moja. Nanyi wajumbe wa kamati za vituo vya afya vya parokia, kwenye kikao kijacho, kabla ya kujadili rangi ya kuta, ulizeni mama anayezaa kituoni kwenu hupewa nini anapolia.