Tubu ya sokoni haiponyeshi kichwa cha mtoto

Mama mhami anaona mabaka ya duara kwenye kichwa cha mtoto, nywele zimekatika. Muuzaji wa dawa sokoni anampa tubu ya klobetasoli, ile ile watu wanayojipaka ili wawe weupe. Kwa siku chache muwasho unapungua, mama anashukuru. Kisha mabaka yanarudi mapana zaidi, na ndugu zake wanaolala naye kwenye mkeka mmoja wanaanza kujikuna.

Huo si uchawi. Klobetasoli haiui kuvu. Inanyamazisha ngozi tu, kuvu inaendelea kutambaa. Muuzaji asiyejua hilo asiuze dawa. Anayejua na bado anauza, anaiba franga za watu waliokimbia bila kitu.

Mabaka ya mwilini yanapona kwa klotrimazoli, asubuhi na jioni, wiki 2 hadi 4, bila kuacha siku ile yanapofutika. Kichwani pomadi peke yake haitoshi, maana kuvu imeingia ndani ya unywele. Inatakiwa griseofulvini ya kumeza, wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta (na mafuta yenyewe, nani anayo kambini?).

Hapo wakubwa wa afya ndio wajibu. Griseofulvini iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya OMS. Kumwandikia mama mhami karatasi akanunue vidonge vya wiki 8 mjini ni kumrudisha kwa yule yule muuzaji wa tubu.