Redio ya gari inapolia, usiiongezee sauti

Wiki hii tunaingia ndani ya gari. Wazazi wa Mlali na Mzumbe, na nyie mnaopanda hadi Mgeta kwenye zile Noah, mtanielewa haraka. Gari likiwashwa, redio inaanza kutoa mlio mwembamba kama wa mbu. Dereva akikanyaga mafuta mlio unapanda, akiachia unashuka. Na sisi tunafanya jambo lile lile kila siku: tunaongeza sauti mpaka muziki uufunike mlio.

Shida ni kwamba kwenye magari mengi ya familia kuna spika nyuma, na nyuma ndiko wanakokaa watoto.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa kusikiliza muziki kwa simu na vifaa vya masikioni, linataka mtoto asipitishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 75. Kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa hizo hizo. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama unakatwa nusu. Piga hesabu mwenyewe: kwenye desibeli 90 mtoto amebakiwa na saa moja na dakika 15 kwa wiki nzima. Dakika kumi kwenda shule na kumi kurudi, siku tano, tayari amepitiliza. Sikio haliulizi kama sauti imetoka kwenye simu au kwenye mlango wa gari. Vinyweleo vidogo vya sikio la ndani vikishakufa havioti tena, na mtoto mdogo hawezi kukwambia kwamba anasikia kidogo kuliko mwaka jana. Utaona tu anaomba televisheni iongezwe, au anauliza "eeh?" kila ukimwita.

Kwa hiyo tuuondoe mlio wenyewe.

Umeme wa gari unatoka chanya ya betri, unafanya kazi, halafu unarudi hasi kupitia chuma cha bodi. Njia hiyo ya kurudi mafundi wanaiita ethi. Ethi ya redio ikiwa legevu, imeshika kutu au imefungwa juu ya rangi, vurugu za umeme wa alteneta zinapenya hadi kwenye spika. Ndiyo maana mlio unafuata mwendo wa injini.

Kwa nini magari yetu yanaugua sana ugonjwa huu? Mengi yametoka Japani, ambako redio za FM zilitengenezwa kushika masafa ya 76 hadi 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Mwenye gari anang'oa redio ya kiwandani na kuweka nyingine, na nyaya zinasokotwa kwa mkono na kufungwa soletepu chini ya mti. Sina ugomvi na mafundi wa chini ya mti, wamenisaidia mara nyingi. Ila msokoto huo ukipita kwenye vumbi na mashimo ya barabara za milimani kwa mwaka mmoja, lazima ulegee.

Anza na jambo lisilo na gharama. Mlio ukiwepo, chomoa chaja ya simu. Ukikatika, ethi ya redio pengine haina kosa: simu inayochajiwa huku imeunganishwa na redio kwa waya wa AUX inaipa ethi njia mbili, na mlio unazaliwa hapo. Tumia flashi au bluetooth, au usichaji wakati unapiga muziki. Kuna pia kifaa kidogo kinachokaa katikati ya waya wa AUX na kuzitenganisha hizo njia mbili. Muulize muuza vifaa vya redio za magari.

Chaja ikiwa haina kosa, nenda kwa fundi umeme, na mwambie unachotaka. Aondoe kwanza waya wa hasi kwenye betri. Kwenye redio nyingi za kununua dukani ethi ni waya mweusi. Wa njano una umeme muda wote, huo usiuchezee. Mweusi ufungwe kwa skrubu kwenye chuma cha bodi kilichopigwa msasa hadi king'ae. Kisha betri irudishwe, redio iwashwe, na apime kwa mita kati ya ganda la redio na hasi ya betri. Isomeke karibu na sifuri. Ikipita volti 0.1, ethi bado mbovu. Kama una amplifaya kwenye buti, waya wake wa umeme upite upande mmoja wa gari na nyaya za sauti upande mwingine.

Fyuzi ikiungua, usikubali iwekwe karatasi ya sigara au kipande cha waya. Hapo hatuzungumzii tena masikio, tunazungumzia moto, na watoto wamo ndani.

Mlio ukibaki baada ya yote hayo, alteneta ipimwe. Diodi zake zikianza kufa, redio inaweza kulia hivyo hivyo, na betri inaweza kuishiwa polepole hata gari likiwa limeegeshwa. Heri ulijue hilo ukiwa bado Mlali kuliko kulijua usiku kwenye mlima wa kwenda Mgeta.