Gitaa lenye jina: Kilifi ina mbao na mafundi, mkataba ndio haupo

Kaunti ya Kilifi haijakosa mafundi wa mbao, wala haijakosa wanamuziki. Kwa miongo kadhaa, wachongaji wa Malindi, wengi wao wakiwa chini ya chama cha ushirika, wameuza vinyago na vyombo vya mbao kwa watalii na wanunuzi wa ng'ambo. Kaunti hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa Fundi Konde, mmoja wa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme, pamoja na ndugu wa Kaloleni walioanzisha bendi ya Them Mushrooms. Hata hivyo, kijana wa Malindi anayetaka gitaa leo huelekea dukani kununua lililoundwa Uchina au kwingineko ughaibuni, likiwa na jina la kampuni asiyoijua.

Jibu la haraka ni kwamba ujuzi na mitambo haitoshi. Jibu hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Mahali ambapo karakana zimestawi, kilichozivusha ni makubaliano kati ya fundi na mpigaji: gitaa linaundwa kwa mahitaji ya mwanamuziki, linauzwa kwa jina lake, naye hulipwa mrabaha kwa kila moja linalouzwa.

Mifano ipo. Mnamo 1929, Perry Bechtel, mpiga banjo wa Marekani, aliiomba kampuni ya Martin imtengenezee gitaa lenye shingo ndefu zaidi ili vidole vifikie sauti za juu kwa urahisi. Ombi la mtu mmoja lilizaa umbo ambalo limeigwa kote duniani. Mwaka 1952 kampuni ya Gibson ilianza kuuza gitaa la umeme lenye jina la mpigaji Les Paul, na jina hilo lingali sokoni ingawa mwenyewe alifariki mwaka 2009. Karibu zaidi na hali ya Kilifi ni mfano wa George Lowden, fundi wa Ireland Kaskazini aliyeanza kuunda magitaa miaka ya 1970. Mwaka 2019 karakana yake ilitoa magitaa kwa ushirikiano na mwimbaji Ed Sheeran, na kuwafikia wanunuzi ambao awali hawakumudu bei ya kazi zake.

Katika mapatano ya aina hii, mwanamuziki si picha ya tangazo tu. Fundi hupima mkono wake, upana wa shingo ya gitaa anaoupendelea na kimo cha nyuzi. Sampuli ya kwanza hupelekwa jukwaani, ikarudi na malalamiko, ikarekebishwa. Mwishowe karakana hupata soko bila gharama kubwa ya matangazo, naye mpigaji hupata kipato kisichotegemea tamasha za msimu wa utalii.

Kwa Kilifi, suala hili lina uzito zaidi kwa sababu ya misitu. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 420, umepoteza miti mingi ya muhugu iliyokatwa kwa ajili ya vinyago. Tangu miaka ya 1990 wahifadhi wamewahimiza wachongaji watumie mwembe na mwarobaini, mti ambao baadhi ya watu wa Pwani huuita mkilifi. Lakini kubadilisha mti bila kubadilisha bidhaa hakumwongezei fundi mapato. Gitaa linahitaji mbao chache, na thamani yake hutokana zaidi na kazi ya mkono.

Sheria za kimataifa nazo zinaelekeza huko huko. Mnamo Januari 2017 mkataba wa CITES uliweka jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmoja wao, chini ya udhibiti wa biashara. Waundaji wa ala walilalamika, na kuanzia Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika udhibiti huo, ilhali magogo na mbao zilibaki. Maana yake ni dhahiri: anayeuza gogo ana vikwazo vingi kuliko anayeuza ala.

Vizuizi havikosekani. Kinyago kikipata ufa mdogo bado chaweza kuuzwa. Gitaa lenye shingo iliyopinda halishiki sauti. Unyevu wa hewa ya Pwani huvimbisha mbao, nayo chumvi hushika nyuzi kutu. Karakana yoyote ingehitaji kwanza banda la kukaushia mbao na subira ya miezi. Ndiyo sababu gitaa la umeme lenye mwili mzito ni mwanzo wa busara kuliko lile la kasha jembamba, kwani sauti yake hutegemea zaidi vifaa vya umeme, ambavyo vyaweza kuagizwa. Huko Hawaii, mwembe hutumika kuundia ukulele, na Kilifi miembe mizee isiyozaa si haba.

Kizuizi kikubwa zaidi ni karatasi. Fundi Konde alifariki mwaka 2000, naye Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms mwaka 2024. Wimbo wa "Jambo Bwana" uliimbwa upya na Boney M mwaka 1983 na kuzunguka dunia, huku wengi wanaouimba hotelini wasijue ulitungwa na nani. Jina lisilosajiliwa hufuata njia hiyo hiyo. Sheria ya alama za biashara inaruhusu jina lisajiliwe, na warithi wanaweza kukubaliana na karakana kwa maandishi kuhusu mrabaha, muda na ubora. Bila hayo, atakayefaidi ni wa kwanza kuliandika jina hilo kwenye bidhaa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Serikali ya Kaunti ya Kilifi haiwezi kudai kwamba jambo hili liko nje ya uwezo wake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti vyama vya ushirika, vyuo vya ufundi vya vijijini na shughuli za utamaduni. Idara zote tatu zinahitajika hapa, nazo ziko chini ya gavana mmoja. Darasa moja la uundaji wa ala, banda moja la kukaushia mbao na wakili wa kuandika mikataba si mradi wa mabilioni.

Vijana wa leo wanaopiga gitaa katika hoteli za Watamu na Malindi nao watazeeka. Itakuwa hasara ikiwa majina yao, kama ya waliotangulia, yatabaki kwenye nyimbo ambazo wengine huziuza.