Shamba laweza kuhama mita 300 ndani ya kompyuta

MKULIMA wa pamba au mpunga wa Kalemela, mkoani Simiyu, anapolipia upimaji wa shamba, macho yake huwa kwa mpimaji anayezunguka mipakani na kifaa cha GPS. Hata hivyo, kazi inayoamua usalama wa hati yake hufanyika baadaye mezani, namba za shambani zinapoingizwa kwenye kompyuta.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hatimiliki ya kimila na kuiweka rehani. Kwa maana hiyo, ramani yenye kosa ni hasara: inaweza kuzaa ugomvi na jirani na kumkosesha mwenye shamba mkopo.

Ramani hizo huchorwa kwa programu kama AutoCAD ya Marekani, au QGIS ambayo ni ya bure. AutoCAD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, ni ya michoro ya kila aina, hivyo wapimaji huiongezea programu ndogo za nyongeza. Moja husoma orodha ya namba na kuunganisha mipaka. Nyingine hugeuza namba kutoka mfumo mmoja wa vipimo kwenda mwingine. Kuziingiza ni kazi ya dakika chache. Hatari iko katika kuzipanga.

Kosa la kwanza ni la mfumo wa vipimo. Kifaa cha GPS husoma kwa mfumo wa WGS84, wakati ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Nyongeza isipoelekezwa kugeuza namba, shamba huhama kwa takriban mita 300. Shamba la ekari 5 lenye umbo la mraba lina upande wa mita 142 hivi. Maana yake ni kwamba kwenye karatasi linavuka la jirani na kuangukia la mtu wa tatu, huku ukubwa na umbo vikionekana sawa kabisa.

Kosa la pili ni la mpangilio. Wapimaji wengi huandika namba ya kaskazini kwanza, bali AutoCAD hutanguliza ya mashariki. Simiyu iko kanda ya 36 Kusini ya mfumo wa UTM. Huko namba ya kaskazini ina tarakimu saba na huanza na 9. Ya mashariki ina tarakimu sita. Mkulima yeyote anaweza kulikagua hilo kwa macho.

Kwa mfanyabiashara mdogo mwenye kompyuta anayefikiria kuchora ramani, QGIS inapunguza gharama. AutoCAD LT, toleo la bei nafuu, halikupokea nyongeza za AutoLISP hadi toleo la 2024. Lakini programu ya bure nayo hupotosha ikipangwa vibaya.

Kinga ni kipimo kimoja cha majaribio. Kabla ya kuchapa ramani, mchoraji aingize namba za jiwe la upimaji linalojulikana, aone kama linaangukia mahali pake. Lisipoangukia, mkulima asitie saini. Kurekebisha mpangilio kabla ya hati kutoka ni kazi ndogo. Baada ya hapo ni safari za ofisini, nauli na mashahidi.