Vita Havikuanza Leo Asubuhi

Mwishoni mwa Januari 2025, wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walipoingia Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, taarifa za habari kuanzia Nairobi hadi Doha zilifunguliwa kwa picha zilezile: malori yaliyosheheni askari, akina mama wenye magodoro kichwani, moshi juu ya mji. Katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Kwa muda Kivu, eneo lenye miji hiyo miwili, ikashika nafasi ya kwanza, kisha ikashushwa hadi ya nne, kisha ikatoweka. Aliyefuatilia matangazo hayo yote alijua mji upi umeanguka na watu wamekimbilia wapi. Sababu za kuanguka kwa Goma, na tena kwa mara ya pili baada ya ile ya Novemba 2012, aliachiwa abahatishe mwenyewe.

Toleo hili linachunguza namna redio na televisheni zinavyotangaza migogoro mikubwa ya dunia. Tumeichukua Kongo ya mashariki kuwa mfano wetu mkuu kwa kuwa hatuna kisingizio cha umbali. Kongo, iliyojiunga 2022, ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki sawa na Rwanda na Uganda, na mkimbizi wa Goma huzungumza na mtangazaji wetu kwa Kiswahili bila mkalimani. Hoja yetu ni kwamba kasoro kubwa ya matangazo haya ni mahali yanapoanzia kusimulia. Mengi yanayosemwa hewani ni kweli tupu. Lakini mwanzo wa simulizi ndio unaoamua nani aonekane mchokozi na nani mchokozwa.

Katika vita hivi kila upande una tarehe yake. Kinshasa huanzia mwishoni mwa 2021, M23 waliposhika silaha upya, na kuonyesha ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinazoeleza kuwapo kwa maelfu ya askari wa Rwanda katika ardhi ya Kongo. Kigali huanzia 1994, waliofanya mauaji ya kimbari walipovuka mpaka na silaha zao, na hulitaja kundi la FDLR kuwa masalia yao. M23 wenyewe wamechukua jina kutoka makubaliano ya tarehe 23 Machi 2009, ambayo wanadai serikali haikuyatimiza. Watutsi wa Kongo wanaikumbuka sheria ya uraia ya 1981, iliyotaka mtu athibitishe kwamba asili yake ilikuwamo nchini tangu 1885. Jirani zao wa jamii nyingine wanakumbuka 1996 na 1998, majeshi ya nchi jirani yalipoingia. Ni kwa uharibifu wa vita vilivyoanza 1998 kwamba Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325. Hakuna tarehe ya uongo hapo, na hakuna inayotosha peke yake. Taarifa ya dakika mbili huziacha zote.

Madhara ya kuziacha tuliyaona zamani. Aprili 1994 waandishi wengi wa kimataifa walikuwa Afrika Kusini wakisubiri ushindi wa Mandela, huku mauaji ya Rwanda yakiendelea mbele ya kamera chache mno. Julai, karibu watu milioni moja walipomiminika Goma na kipindupindu kikazuka, kamera zikafika kwa wingi. Mateso yaliyoonyeshwa yalikuwa ya kweli. Lakini watazamaji wengi waliamini wanaangalia wahanga wa mauaji ya kimbari, ilhali ndani ya makambi hayo walikuwamo pia walioyatekeleza, wakijipanga upya huku wakila chakula cha msaada. Vita vya 1996 vilitokana kwa sehemu kubwa na makambi hayo. Aliyekuwa akitegemea picha za Julai hangeweza kuviona vikija.

Leo udhaifu huo umevaa nguo mbili mpya. Ya kwanza ni mizani ya bandia: mtangazaji husoma kwamba Kongo inailaumu Rwanda kwa kuwaunga mkono M23, kisha husoma kwamba Rwanda inakanusha, halafu huhamia michezo. Kunukuu pande mbili ni wajibu, lakini mwandishi anapaswa pia kueleza nani amechunguza, amekuta nini, na ushahidi unaishia wapi. Ya pili ni jibu la mkato: madini. Ni kweli kwamba machimbo ya Rubaya, huko Kivu, hutoa sehemu kubwa ya koltani ya dunia, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba M23 walikuwa wakikusanya huko dola zisizopungua 800,000 kwa mwezi. Lakini M23 waliiteka Rubaya Aprili 2024, vita vikiwa vimeendelea kwa zaidi ya miaka miwili. Fedha za koltani zinavilisha vita hivi; kuvizaa ni habari nyingine, yenye ardhi, uraia, ulinzi wa mpaka na udhaifu wa dola ndani yake.

Tunajua shida za vyumba vya habari. Dawati la kimataifa la kituo cha kawaida hapa kwetu ni watu wawili wanaotafsiri matini za Reuters na AFP kabla ya saa mbili usiku. Kumpeleka mwandishi Kivu ni gharama, na ni hatari: Januari 2025 serikali ya Kongo iliwafutia vibali waandishi wa Al Jazeera baada ya kituo hicho kumhoji kiongozi wa M23. Sauti za nje nazo zinapungua. Machi 2025, wiki chache baada ya Bukavu kuanguka, serikali ya Marekani iliwasimamisha kazi karibu watumishi wote wa Sauti ya Amerika, iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960.

Hata hivyo, uwezo wa kueleza mambo yenye historia ndefu tunao. Hakuna redio ya Dar es Salaam inayotangaza mechi ya Simba na Yanga kana kwamba timu hizo zimekutana leo kwa mara ya kwanza. Wachambuzi hukaa saa nzima wakirudi misimu ishirini nyuma, na msikilizaji hachoki. Askari watatu wa Tanzania waliuawa Kivu kwa kombora la mota Aprili 2024. Msikilizaji wa Tabora anastahili kuelezwa kwa kina kama huo walikuwa wakimlinda nani, dhidi ya nani, na kwa agizo la kikao gani.

Makala zinazofuata zinatazama kazi hii kutoka ndani: jinsi habari inavyochaguliwa, nani huitwa kuichambua, na nani haulizwi kamwe. Kwa wahariri wa vituo tuna maombi matatu. Wekeni katika kila habari ya vita sentensi mbili za chanzo, hata kama itabidi kukata picha ya moshi. Kubalianeni na waandishi wa Goma, Bukavu na Bunia wawe wawakilishi wenu wa kudumu, mkiwalipa na kuwalinda. Rudini Kivu wakati hakuna mji unaotekwa, maana mji unaofuata huandaliwa wakati huo. Nawe msomaji, usiridhike na habari isiyokuambia inaanzia wapi. Andikia kituo chako, piga simu kwenye kipindi, dai maelezo.