Kuja Visiting na Futi

Kitanda changu cha kidato cha nne kilikuwa shubiri moja na nusu kutoka kwa kitanda cha jirani. Najua kwa sababu nilikipima kwa mkono, usiku mmoja wa Januari 2021, nikiwa nimeshindwa kulala. Jirani alikuwa anakohoa. Kila akikohoa nilihisi joto la pumzi yake shingoni. Barakoa zetu, zote mbili, zilikuwa zimeanikwa kwenye chuma cha dabo deka kama soksi.

Hiyo ilikuwa shule ya bweni upande wa Embu, ambako usiku mlima hushusha baridi ya kukufanya ulale na sweta. Madirisha yalifungwa. Nani angeyafungua? Ukifungua dirisha saa tano usiku, wenzako wanakuchapa kabla virusi havijakufikia.

Asubuhi tulikuwa watu wengine kabisa. Getini kulikuwa na ndoo ya mfereji, sabuni ya maji na askari mwenye kile kibunduki cha kupima joto. Darasani madawati yametenganishwa. Mwalimu akiona pua yako imechungulia nje ya barakoa, unapiga magoti. Kisha kengele ya kulala inalia, na watu wale wale waliokatazwa kukaribiana mchana kutwa wanarundikwa chumba kimoja hadi alfajiri. Ni kama virusi vilikuwa na ratiba: vinahudhuria masomo, vinahudhuria prepu, halafu vinaenda kwao.

Nasema hivi: kwenye mabweni hatukulindwa. Tuliigizwa kulindwa. Na mbaya zaidi, haikuwa kwa sababu watu hawakujua la kufanya.

Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni mwaka 2008. Unasema nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Njia ya katikati isipungue mita 2. Milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma. Mwongozo huo uliandikwa kwa hofu ya moto zaidi ya hofu ya ugonjwa, kwa sababu mwaka 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli, Machakos. Lakini hebu fikiria: nafasi inayomwezesha mtoto kukimbia moto ndiyo hiyo hiyo inayompa hewa ya kupumua. Kwa miaka 12 kabla ya korona, kipimo tulichohitaji kilikuwa kimeshaandikwa. Kilikuwa kabatini.

Na sisi watu wa upande huu wa mlima hatukustahili kusubiri Machakos itufunze. Usiku wa Julai 13, 1991, kule St. Kizito, Meru, wasichana walikimbilia bweni moja wakijificha kutoka kwa wavulana wa shule yao. Asubuhi, 19 walikuwa wamekufa, wengi kwa kubanwa na kukosa hewa. Wengine wengi walibakwa. Uhalifu ule una wenyewe, na siulinganishi na homa. Lakini kabla ya kuingia mtu yeyote aliye na kinyongo, bweni la watoto linapaswa kujibu swali moja: likitokea baya humu, kuna pa kupita na kuna pa kupumulia?

Sasa niwape siri ambayo kila mtu wa darasa letu anaijua. Inawezekana. Tumeiona kwa macho.

Shule zilifungwa Machi 2020. Tuliporudi Oktoba 12, katika sekondari ilirudi kidato cha nne peke yake. Shule nzima, darasa moja. Tukasambazwa kwenye mabweni yote: mtu analala chini, juu anaweka sanduku. Kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mono, ningeweza kunyoosha mkono gizani nisiguse mtu. Kulikuwa na foleni fupi ya maji, foleni fupi ya githeri, vyoo vilivyokauka. Wiki kumi za namna hiyo. Nilifikiri, kumbe hivi ndivyo shule hukaa.

Kisha Januari 4, 2021 wengine wote wakaitwa. Waziri George Magoha mwenyewe alikiri kwamba kukaa mbalimbali shuleni kutakuwa kibarua kigumu, mkazo ukahamia kwenye barakoa. Serikali ilitenga shilingi bilioni 1.9 za madawati, mafundi wa jua kali wakapata kazi, hapo nawapigia makofi. Lakini dawati ni kitu cha mchana. Mimi sikusikia mabilioni ya vitanda. Tulirudi kwenye shubiri moja na nusu.

Kwa nini? Kwa sababu hesabu yetu inahesabu vichwa. Serikali hutoa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, angalau kwenye karatasi. Kichwa kimoja zaidi ni pesa zaidi. Hakuna anayeuliza kichwa hicho kitalala wapi. Tulipoanza kupeleka kila mtoto wa darasa la nane sekondari, jambo zuri kabisa, tuliongeza watoto kabla ya kuongeza kuta. Na wazazi wetu nao, tuseme ukweli, hupiga simu kwa mjomba anayemjua mwalimu mkuu ili mtoto apate nafasi kwenye shule iliyojaa. Shule ikijaa tunasema ni nzuri. Matatu ikijaa tunasema ni hatari.

Tumewasahau pia watu wazima. Shangazi yangu alikuwa mpishi wa shule nyingine ya bweni, upande wa Meru. Shule zilipofungwa, mshahara ulisimama, kama ulivyosimama kwa walimu wengi walioajiriwa na bodi. Zilipofunguliwa aliitwa siku moja kabla ya watoto. Alipewa barakoa mbili za kitambaa na sufuria zile zile. Februari akashikwa na homa, kifua kikambana. Aliambiwa aende nyumbani apumzike, na asiongee sana, wazazi wasije wakaingiwa na hofu. Siku alizolala hazikulipwa. Hakupimwa, kwa hivyo hayumo kwenye takwimu yoyote. Alipona, lakini hadi leo akipanda kilima cha kwao pale Nkubu husimama mara mbili, akijifanya anaangalia migomba.

Mpishi, matroni, askari wa geti, mzee wa kuni: hawa ndio huingia na kutoka shuleni kila siku, hupanda matatu, huenda soko, hurudi kushika chakula cha watoto mia kadhaa. Kama huwezi kumlipa mpishi siku anazougua, atapika akiwa mgonjwa. Hapo hakuna sanitaiza itakayokusaidia.

Najua mtasema nini. Korona iliisha, wacha kufukua makaburi. Sawa. Mwaka 2023 kule Mukumu, Kakamega, wanafunzi walianza kuumwa tumbo. Wanafunzi kadhaa na mwalimu wakafariki kabla ya shule kutulia. Haikuwa korona. Septemba 2024 wavulana 21 wakafa motoni Hillside Endarasha, Nyeri. Haikuwa korona pia. Janga linabadilisha jina, bweni ni lile lile.

Wengine mtasema tufunge mabweni yote. Mwaka 2022 Katibu wa Elimu Belio Kipsang alitangaza nia ya kuondoa bweni kwa madarasa ya chini, na kwa watoto wa miaka minane sina ubishi. Lakini si kwa kila mtu. Nenda Mbeere kwenye ukame uone msichana anavyotembea kwenda shule, akirudi anasubiriwa na mtungi wa maji na giza. Kwake kitanda cha bweni ndicho usalama. Tulikaa nyumbani miezi karibu saba mwaka 2020, na wako waliokuwa wenzetu ambao hawakurudi kwa sababu walikuwa wananyonyesha. Kumfungia mlango si kumlinda.

Na pesa? Kuandika idadi ya vitanda kwenye mlango wa bweni kunahitaji rangi na brashi. "Vitanda 60. Mwisho." Kukataa mtoto wa 61 hakuhitaji mkopo kutoka nje, kunahitaji mwalimu mkuu ambaye wizara haitamwadhibu kwa kukataa. Kulipa wapishi siku za ugonjwa ni pesa, ndiyo. Mazishi pia ni pesa.

Muhula uliopita nilienda kumwona mdogo wangu. Anasoma upande wa Meru, kidato cha tatu. Nilimpelekea kuku, chapati, juisi, na mfukoni nilikuwa na futi ya fundi niliyoazima Roysambu kwa jirani. Akanionyesha bweni lao, dakika mbili tu, matroni akiwa ameangalia kando. Nikavuta futi kutoka ubavu wa kitanda chake hadi cha jirani.

Sentimita 41.

Mdogo wangu akacheka, akaniuliza kama nataka kumtengenezea kabati. Nilimwambia hapana. Kisha nikaenda kwenye mkutano wa wazazi, nikanyoosha mkono, nikasema namba hiyo kwa sauti. Kulikuwa na kimya. Mama mmoja nyuma yangu akauliza, inafaa kuwa ngapi? Nikamwambia. Akasema, "Ata mimi nitapima ya msichana wangu."

Hiyo ndiyo kampeni yangu yote. Wewe msomaji una kaka, dada, binamu, mtoto wa jirani aliye bweni mahali fulani kati ya Embu na Meru, au popote pengine nchini. Visiting ijayo beba chapati, beba juisi. Beba na futi. Ikipungua mita 1.2, uliza mbele ya watu.